Kaa Ndani ya Neno

Kwa Kihispania, kila kiungo cha mwili kina majina mawili. La kwanza ni la jikoni na barazani, la pili ni la hospitali. Jicho linalomwasha mtu nyumbani ni ojo. Akifika kwa tabibu linakuwa shauri la oftalmología. Moyo unaopenda ni corazón. Unaougua ni wa cardiología. Damu ni sangre, mpaka itakapomwagika isitake kukoma, hapo huitwa hemorragia. Ini ni hígado likiwa sahanini, na likiandikwa katika cheti cha vipimo sifa yake ni hepático. Anayejifunza lugha hiyo ukubwani hudhani amebebeshwa lugha mbili badala ya moja, na hakukosea sana, kwani jina la kwanza aghalabu lina asili ya Kilatini na la pili aghalabu lina asili ya Kiyunani.

Mimi Kihispania nilikipata kwa njia isiyohusiana na tiba. Katika miaka ya 1980 nilipelekwa Cuba kusomea mitambo ya viwanda vya sukari. Niliporudi Unguja, sukari haikunihitaji sana. Ilionihitaji ni lugha. Madaktari wa Cuba walikuwa wakifanya kazi katika hospitali zetu, na bibi wa shamba na daktari wa Matanzas hawakuwa na hata neno moja la kuwakutanisha. Basi nikawa mkalimani. Kazi hiyo si sawa na ukalimani wa mikutanoni. Neno likipotea mkutanoni, hotuba hupungua utamu; likipotea penye kitanda cha mgonjwa, mtu hunywa dawa isiyo yake. Kwa hivyo nilianza kuyachungulia maneno niliyokuwa nikiyavusha, nikitaka kujua yametoka wapi na yamebeba nini ndani yake. Niliyoyakuta humo ndiyo ninayotaka kumshirikisha msomaji, khasa msomaji apendaye tungo, kwa kuwa mengi niliyoyakuta ni kazi ya washairi waliosahauliwa majina.

Majina ni mawili kwa sababu Kilatini kiliingia Hispania mara mbili. Mara ya kwanza kiliingia kwa miguu, pamoja na majeshi ya Roma yaliyotua huko mwaka 218 kabla ya Masihi, na wakulima na wachuuzi waliowafuata. Hicho ni Kilatini cha vinywani. Watu walikitafuna karne baada ya karne hadi oculus ikawa ojo, na auricula, yaani kisikio, ikawa oreja. Mara ya pili kiliingia kwa kalamu. Wanavyuo na matabibu waliyachota tena maneno yale yale kutoka vitabuni, yakiwa mazima, hayajatafunwa na mtu. Ndiyo maana Kihispania kina oreja, sikio la kila mtu, na pia kina aurícula, ambalo ni jina la chumba cha juu cha moyo, kwa kuwa waliopasua miili waliona kando yake kitu kilichokunjana mfano wa sikio dogo. Hao ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja amelelewa sokoni na mwingine chuoni, na wakikutana njiani hawajuani.

Neno hígado lina kisa chake. Kwa Kilatini ini lilikuwa iecur. Wayunani, na baada yao Warumi, walipenda kuwalisha bata bukini tini ili maini yao yanenepe na kuwa matamu, na maini ya namna hiyo Warumi waliyaita iecur ficatum, ini la tini. Baadaye wapishi wakachoka kutamka maneno mawili. Wakaliacha ini, wakabaki na tini. Hiyo ficatum ndiyo iliyozaa hígado ya Kihispania, fegato ya Kitaliana na foie ya Kifaransa. Leo mgonjwa wa Havana au wa Madrid akisema ini linamuuma, kwa asili ya neno anasema tini yake inamuuma, wala hana habari. Daktari naye, kwa kuikimbia lugha ya jikoni, anaandika hepatitis, kwa kuwa Wayunani waliliita ini hepar. Mmoja anasema kwa ulimi wa mpishi na mwingine kwa ulimi wa mwanachuoni, na ini ni lile lile.

Kwa nini basi Kiyunani, ilhali Warumi ndio waliotawala? Kwa sababu tiba ya Roma ilikuwa mikononi mwa Wayunani. Galeno mwenyewe, aliyekuja kuwa imamu wa matabibu kwa zaidi ya miaka elfu moja, alizaliwa Pergamo, akahamia Roma mwaka 162, na vitabu vyake akaviandika kwa Kiyunani. Kabla yake, katika karne ya 1, Mrumi mmoja, Celsus, alijaribu kuiandika tiba kwa Kilatini, na mara nyingi alilazimika kumtajia msomaji jina la Kiyunani. Lakini Celsus alituachia jambo moja ambalo mpenzi wa vina hawezi kulipita. Alizitaja alama nne za kiungo kilichovimba kwa uchungu: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Kwa Kilatini ni rubor, tumor, calor, dolor. Maneno manne, kina kimoja. Hapana shaka kina hicho kimewasaidia wanafunzi wa udaktari kuyahifadhi kwa vizazi vingi, kama sisi tulivyohifadhi mambo ya dini na ya mirathi kwa tenzi. Na Kihispania hakikubadili hata herufi moja: rubor, tumor, calor, dolor. Maneno mengine ya Warumi yalitafunwa yakabadilika sura. Haya manne yalibaki kama yalivyo, labda kwa sababu kila kizazi kimeyahitaji.

Hadi hapa msomaji wa pwani anaweza kudhani kwamba habari hizi ni za nyumba ya jirani. Lakini iko njia ya tatu, na njia hiyo inapita karibu na mlango wetu. Vitabu vya Galeno havikwenda Hispania moja kwa moja. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, Hunayn bin Ishaq, aliyefariki mwaka 873, pamoja na wanafunzi wake walivifasiri kwa Kisiria na Kiarabu. Kwa Kiarabu hicho Ibn Sina akaandika Qanun yake. Huko Andalusia, karibu na Kurtuba, Abul Qasim al-Zahrawi akakusanya elimu ya tiba katika kitabu cha sehemu 30, na ya mwisho akaifanya ya upasuaji, pamoja na michoro ya visu na koleo zake. Kisha katika karne ya 12, mjini Toledo, Gerardo wa Cremona akaketi kuvigeuza vitabu hivyo kutoka Kiarabu kwenda Kilatini. Elimu ya Wayunani ikawa imezunguka bahari nzima ya kati na kurudi, ikiwa imevaa kanzu.

Katika mzunguko huo baadhi ya maneno yaligawana njia. Wayunani walifundisha kwamba mwili una maji manne: damu, nyongo ya manjano, nyongo nyeusi, na ute waliouita phlegma. Kwa upande wa magharibi phlegma ilipita kwenye Kilatini ikawa flema ya Kihispania, na mtu mpole asiyeharakishwa na jambo akaitwa flemático. Kwa upande wa mashariki neno hilo hilo liliingia Kiarabu likawa balgham, na kutoka hapo likapanda vyombo vya kusi na kaskazi hadi kwetu. Bibi anayemwambia mjukuu wake kuwa kifua kimejaa balghamu anasema Kiyunani kile kile anachosema bibi wa Sevilla akikohoa na kulalamikia flema. Nilipomfasiria daktari kwa mara ya kwanza malalamiko ya mzee mmoja wa Nungwi, nikasema flema pale aliposema balghamu, nilikuwa nikibadilisha neno kwa neno lenyewe. Sikulijua hilo wakati ule.

Vivyo hivyo jarabe, dawa ya maji, ni sharab ya Kiarabu, na ndugu yake kwetu ni sharbati. Utando mgumu unaoufunika ubongo Wahispania wanauita duramadre, mama mgumu. Jina hilo lina sauti ya Kilatini, lakini Warumi hawakulijua. Ni Waarabu walioziita tando za ubongo mama, na wafasiri wakalitia neno umm katika Kilatini kama lilivyokuwa. Maumivu yanayoshika upande mmoja wa kichwa, ambayo sisi huyaita kipandauso, kwa Kihispania yana majina mawili yanayoishi nyumba moja. Migraña imetokana na hemikrania ya Kiyunani, nusu ya fuvu. Jaqueca imetokana na shaqiqa ya Kiarabu, nayo ni nusu. Mzizi wa shaqiqa ndio huo tunaousikia katika masuala ya mirathi tunaposema ndugu shakiki, wa baba mmoja na mama mmoja, kana kwamba ni kitu kimoja kilichopasuliwa vipande viwili. Huenda hapana ushahidi mzuri zaidi wa ndugu shakiki kuliko migraña na jaqueca zenyewe.

Halafu ukaja wakati wa kuoana aibu. Katika karne ya 16 wanazuoni wa Ulaya walitaka kuisoma tiba ya Wayunani bila ya kupitia kwa Waarabu, na wakaanza kuyasafisha maneno. Mwaka 1555 Andrés Laguna, tabibu mzaliwa wa Segovia, alichapisha mjini Antwerp tafsiri yake ya kitabu cha Dioscórides kuhusu miti-dawa, na kwa uungwana alilitaja kila jani kwa lugha nyingi, Kiarabu kikiwamo. Si wote waliokuwa na uungwana huo. Kati ya mwaka 1609 na 1614 wazao wa Waislamu wa Hispania walifukuzwa nchini, na vyuoni Kiarabu kikawa hakina wa kukitetea. Maneno yake mengi ya tiba yalitoka vitabuni. Hayakutoka vinywani. Jaqueca ilibaki kwa wanawake wenye kuumwa na kichwa. Aliacán, ambalo ni yaraqan, ugonjwa wa kugeuka manjano, lilibaki likijulikana na wazee huku madaktari wakiandika ictericia. Na likabaki neno jingine moja, ambalo nitalifikia baada ya kulieleza jambo lililonifanya nilitafute.

Mwaka 2004 shangazi yangu aligundua uvimbe katika titi lake la kushoto. Aliuficha miezi kadhaa chini ya kanga, kama wafanyavyo wengi. Alipokubali kwenda hospitali, daktari wa zamu alikuwa Mcuba na mkalimani nilikuwa mimi. Daktari alimpima, akaandika vipimo, na tuliporudi baada ya majibu alisema kwa sauti ya chini: neoplasia maligna de mama. Shangazi alilishika neno moja tu katika hayo. Akanigeukia akaniuliza, "Mbona anamtaja mama? Mama si amekufa zamani?"

Yeye hakukosea. Mama kwa Kihispania cha kitabibu ni titi. Mkazo ukiwekwa mwishoni, mamá, ni mzazi. Yote mawili yanarudi kwenye mamma ya Kilatini, neno la mtoto mchanga asiyetofautisha baina ya mama na kinachomnyonyesha. Shangazi, bila ya kwenda chuo chochote, alikuwa amelisikia neno kama linavyosikiwa na mtoto wa Kirumi. Yaliyobaki katika kauli ya daktari yalikuwa magumu zaidi. Neoplasia ni Kiyunani, umbo jipya. Maligna ni Kilatini, chenye kuzaliwa na shari. Umbo jipya lenye shari katika titi. Hivyo ndivyo nilivyopaswa kusema.

Kabla sijafungua kinywa, binamu yangu mkubwa alinishika mkono akanitoa nje. "Mwambie ni uvimbe tu, utakwisha kwa dawa," alisema. "Ukilitaja lile neno utamuua kabla ya ugonjwa." Alisema hivyo kwa mapenzi, na wala si desturi yetu peke yetu. Magazeti ya Hispania kwa miaka mingi yalipotangaza kifo cha mtu aliyekufa kwa maradhi hayo yalisema amefariki baada ya una larga enfermedad, maradhi ya muda mrefu, na kila msomaji alielewa. Watu wa kila pwani wanaogopa kuliita jambo kwa jina lake, lisije likaitika.

Nilirudi ndani nikamweleza daktari nilichoombwa. Alifikiri kidogo, kisha akaniambia nimuulize mgonjwa mwenyewe anataka kujua kiasi gani. Nikamuuliza: "Shangazi, unataka kujua yote, au nikwambie la kufanya tu?"

"Titi ni langu, mwanangu," alisema. "Sema."

Nikasema ni saratani.

Alinyamaza. Kisha akasema, "Neno hilo nalisikia redioni. Ndiyo nini hasa?"

Nikamwambia kwamba saratani kwa Kiarabu ni kaa, kaa huyu huyu wa pwani. Nikamweleza kuwa matabibu wa zamani, Wayunani, waliona uvimbe wa titi na mishipa iliyotanda pande zote kama miguu, wakauita karkinos, kaa kwa lugha yao. Warumi wakasema cancer, kaa kwa lugha yao. Na Waarabu wakasema saratan. Kila mmoja alikuwa amelifasiri neno badala ya kulimeza, kwa hivyo kaa hakupotea njiani. Amepotea kwetu tu, kwa sababu sisi tulilichukua jina tukamwacha mnyama.

Shangazi alikuwa mtu wa Bwejuu, na tangu udogoni alikuwa akishuka pwani maji yakitoka. Alilitazama titi lake kwa muda, kama mtu anayetazama kitu kilichohamia kwake bila ya hodi. "Kaa nimewashika tangu sijajua kufunga kanga," alisema. "Humshiki kwa mbele. Na akishaingia shimoni, humtoi ila uvunje mwamba. Muulize daktari: huyu yuko nje bado au keshaingia?"

Nilimfasiria daktari maneno hayo kama yalivyo, na kaa, na shimo, na mwamba. Daktari aliweka kalamu chini. Alichoulizwa, kwa lugha ya vitabu, ni kama pana metástasis. Neno hilo ni la Kiyunani na maana yake ni kuhama, kuondoka mahali na kusimama pengine. Ndilo swali la kwanza ambalo daktari yeyote angelijiuliza, na mwanamke asiyejua kuandika jina lake alikuwa amelifikia kwa hatua mbili, kwa sababu alipewa mnyama anayemjua. Daktari alijibu kwa lugha aliyoulizwa. Alisema, "Yuko mlangoni mwa shimo. Ana miguu miwili ndani." Maana yake uvimbe ulikuwa umefika kwenye tezi za kwapani, haujakwenda mbali zaidi.

Shangazi alifanyiwa upasuaji, kisha akaenda Dar es Salaam kwa matibabu ya mionzi. Aliishi miaka sita baada ya siku ile. Sidai kwamba neno ndilo lililomponya. Kisu na mionzi ndivyo vilivyofanya kazi. Ninachodai ni kwamba alikwenda kwa miguu yake, akijua aendako na kwa nini, na alipoambiwa arudi tena kwa awamu nyingine hakuuliza kama amerogwa.

Ni baada ya hapo ndipo nilipokutana na lile neno jingine. Katika kamusi ya Chuo cha Lugha cha Hispania limo neno zaratán. Maana yake ni saratani ya matiti kwa mwanamke, na asili yake, inasema kamusi, ni saratan ya Kiarabu, kaa. Nililisoma mara tatu. Katika Hispania ile iliyowafukuza wenye lugha, iliyoisafisha tiba yake na kuirudisha kwa Wayunani, mwanamke wa kijijini aliyeumwa na titi alikuwa akilitaja neno lile lile la shangazi yangu, lenye herufi karibu zile zile, kwa ugonjwa ule ule, katika kiungo kile kile. Nilimpelekea daktari. Alikuwa hajapata kulisikia maishani mwake. Alilitamka polepole, zaratán, kisha akacheka, akasema kwamba amesafiri hadi Zanzibar kuja kujifunza Kihispania.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ya mjadala ambao wasomaji wa kurasa hizi wanaujua: istilahi zetu za sayansi tuziunde kwa mizizi yetu, au tuzichukue kama zilivyo kutoka lugha kubwa? Wapo wanaosema Kiyunani na Kilatini ni mali ya ulimwengu, na kwamba kuyakataa maneno hayo ni kujitenga. Wapo wanaosema neno la kuazima ni kanzu ya kuazima. Mfano wa Kihispania unanionyesha kwamba pande zote mbili zinalitazama gamba la neno tu.

Wahispania waliazima, lakini waliazima kwa masharti ya ulimi wao. Chuo chao cha Lugha kilianzishwa mwaka 1713, na katika karne ya 18 na mwanzo wa ya 19 kiliziondoa herufi za mapambo ambazo Waingereza na Wafaransa wamezing'ang'ania. Kila ph ikawa f, kila th ikawa t. Farmacia, teoría, reuma. Mhispania anaandika neno la Kiyunani kama analitamka, kama sisi tunavyoandika famasia na hospitali, na hakuna aliyemwambia kwamba amelishusha hadhi.

Tena waliunda mapya. Mpasuaji kwa Kihispania ni cirujano, kutokana na kheirourgos ya Kiyunani, mtenda kazi kwa mkono. Chumba cha upasuaji ni quirófano, neno ambalo kila Mhispania hudhani ni la kale, ilhali liliundwa Madrid mwishoni mwa karne ya 19 na tabibu Andrés del Busto. Alichukua kheir, mkono, akakiunga na kitenzi cha kuonyesha, kwa sababu chumba chenyewe kilikuwa na vioo ambavyo wanafunzi waliweza kutazamia mikono ikifanya kazi. Mkono uliomo katika cirujano na uliomo katika quirófano ni mmoja, ila mmoja umepita katika vinywa vya watu kwa karne nyingi na mwingine umetoka kamusini jana. Kifaransa na Kitaliana havina neno hilo. Na wenzetu wa Cuba, pamoja na uzuri wake wote, aghalabu husema salón tu. Neno likiwa halimwonyeshi mtu kitu, hata likiwa na nasaba ya Galeno, watu hulipita.

Kwa hivyo swali langu kwa waundaji wa istilahi si kama neno ni la kwetu au la watu. Swali ni kama neno hilo, likifika kitandani, litampa mgonjwa cha kushika. Chanjo linampa, kwa kuwa ameiona ngozi ikichanjwa. Wahispania wanasema vacuna, kutokana na vaca, ng'ombe, kwa sababu kinga ya kwanza dhidi ya ndui ilitokana na ndui ya ng'ombe. Nalo linampa, maana hadi leo ng'ombe wao huitwa ganado vacuno. Mboni ya jicho imetokana na kuona. Wao wanasema pupila, kisichana kwa Kilatini, na Wayunani kabla yao walisema kore, msichana. Vijijini husema la niña del ojo, binti wa jicho, kwa kuwa anayemtazama mwenzake kwa karibu hujiona mle ndani, mdogo kama mwanasesere. Sijui kama yupo malenga aliyewahi kusema vizuri zaidi. Na hospitali, neno tulilolipokea kutoka kwa Waingereza, mzizi wake ni hospes, ambalo kwa Kilatini lilikuwa mgeni na mwenyeji kwa wakati mmoja. Sisi tuliosema mgeni njoo mwenyeji apone tulikuwa na maana yote mkononi kabla ya kuletewa jina.

Tangu mwaka 2007, mafunzo ya udaktari yalipoanzishwa Zanzibar kwa ushirikiano na Chuo cha Matanzas, vijana wetu wamekuwa wakisomea udaktari hapa hapa nyumbani, na kazi yangu ya ukalimani ikafika mwisho wake. Nafurahi. Lakini kijana wa Makunduchi aliyevaa koti jeupe anaweza naye kuwa na ndimi mbili, mmoja wa darasani na mmoja wa kwao, na akamwacha mgonjwa katikati kama alivyoachwa na mgeni. Mkalimani sasa ni yeye mwenyewe, na hapana wa kumshika zamu.

Ninao mfano mmoja wa mwisho, nilioutunza kwa ajili ya vijana hao. Upo ugonjwa wa koo ambao zamani uliua watoto wengi. Wahispania waliuita garrotillo, kutokana na kijiti cha kunyongea watu, na mwaka 1613 uliua kwa wingi hata ukabaki katika kumbukumbu zao kuwa ni mwaka wa garrotillos. Hilo ni neno la mama aliyemtazama mwanawe akikosa pumzi. Mnamo 1826 tabibu wa Kifaransa, Bretonneau, aliuita kwa jina jipya alilolitoa katika diphthera ya Kiyunani, ngozi, kwa sababu ya utando kama ngozi unaoziba koo. Kihispania kikaandika difteria. Hilo ni neno la aliyeshika taa akachungulia ndani. Kiswahili kikasema dondakoo, na hapo mama na tabibu wakaweza kuzungumza.

Ile diphthera nayo ilikuwa na safari nyingine. Wayunani waliitumia pia kwa ngozi ya kuandikia. Kutoka kwao ikaenda mashariki, Waarabu wakasema daftar, na sisi tukasema daftari. Maneno yote niliyoyaandika hapa niliyakusanya katika daftari moja lenye jalada la buluu, mengi yakiwa yameandikwa kwa haraka nikiwa nimesimama ukumbini. Ukurasa wa mwaka 2004 una neno moja tu, zaratán, na chini yake, kwa mwandiko wangu, swali la shangazi: yuko nje bado au keshaingia?